Nyasi Juu ya Tundu la Panya Buku

Vijana wangu wa kitalu, zile pakiti mlizoagiza kutoka mjini Rubwera ninazo mimi. Kijana wa bodaboda alizishusha mlangoni pangu kwa makosa, nami nikavaa miwani nikasoma: sumu ya panya. Nimeuliza, nikaambiwa mnataka kuimwaga kuzunguka kitalu na kando ya msitu, kwa kuwa panya wanafukua mbegu zenu. Basi pakiti ziko chini ya kitanda changu na hazitoki leo. Mkizitaka, someni kwanza haya niliyoandika kwa mkono wangu unaotetemeka, halafu mje tugombane ana kwa ana. Hasira ninayo, ila si juu yenu. Hasira hii ina umri mkubwa kuliko baba zenu.

Nilianza kazi ya msitu wakati wa Waingereza, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nikiwa kijana wa kijiji cha Ndama mwenye elimu ya darasa la nne na majivuno ya mtu aliyemaliza yote. Nilipelekwa kwenye kitalu kilichokuwa chini ya kilima kimoja, njiani kwenda huko ambako siku hizi mnakuita Kyerwa. Enzi hizo kote kulikuwa Karagwe tu. Aliyenipokea alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyeachana na kiko chake, jina lake Bitegeko. Tulimwita Ta Bitegeko, kwani huku kwetu mwanaume mzima humwiti jina tupu kama unaita mbuzi.

Siku ya kwanza alinipa kokwa tano za mti wa mbura, akaniambia nizipande. Mimi ni mtoto wa kibanja, nimezaliwa migombani. Nikachimba mashimo matano ya kina cha mkono mzima kama ninayepanda chipukizi la mgomba, nikatumbukiza kokwa, nikafukia, nikakanyaga kwa kisigino. Alinitazama mpaka nikamaliza.

“Laurenti,” akasema, “wamekufa kwa ugonjwa gani?”

“Akina nani, Ta?”

“Hao uliowazika.”

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alizifukua kokwa moja moja, akanionyesha pingili mbili za kidole chake cha shahada. Kina hicho, akasema, basi, usizidishe. Nikamuuliza nani alimfundisha, nikitegemea kusikia jina la Mzungu fulani. Akajibu, “Panya buku.”

Nilidhani ananitania tena. Hakuwa anatania. Mnamjua panya buku, yule mkubwa karibu kama paka, mwenye mkia mrefu unaoishia kwa weupe na mashavu yanayovimba kama mifuko. Tunda la mbura ni zito. Likiiva linaanguka pale pale chini ya mama yake, na hapo kuna kivuli na wadudu, mche haupati nafasi ya kukua. Ni lazima apatikane wa kulibeba. Panya buku anakula nyama ya tunda, kokwa anazijaza mashavuni, anakwenda kuzifukia mbali kidogo kwa ajili ya siku za njaa: tatu hapa, nne pale. Nyingi anazirudia. Nyingine anazisahau, au anakamatwa na mnyama kabla hajarudi, na hizo ndizo zinazoota. Zile anazozipeleka ndani kabisa ya shimo lake huoza tu. Zinazofaa ni hizi za juu juu, za pingili mbili.

Ta Bitegeko alinifundisha kusoma ardhi kama karani anavyosoma barua. Ukikuta kokwa imetobolewa ubavuni tundu la mviringo, mwenye meno kapita. Ukikuta miche mitatu au minne imebanana mahali pamoja, umri mmoja, ujue mashavu ya panya buku yalimwagwa hapo. Mche mmoja peke yake kando ya gogo bovu, mshuku kindi, maana huyo huficha moja moja. Hakuna mkono wa mtu unaopanda mibura minne ndani ya kichaka cha miiba. Kila mlipopita mkaona hivyo, mlipita shambani kwa panya.

Haya, sasa niwaambie jinsi nilivyomtia mwalimu huyo gerezani.

Kilima chetu kilikuwa na msitu upande mmoja na upara upande mwingine, ambako miti ilikatwa na moto ukapita mara nyingi. Bwana Miti, yaani Mzungu aliyesimamia misitu ya upande wetu, alitaka upara ule upandwe mbura. Aliagiza matunda kutoka mbali, tukayamenya, tukapata kokwa za kujaza matenga manne makubwa ya matete. Akazichovya zote katika rangi nyekundu ili aweze kutofautisha mbegu zake na zile tunazookota wenyewe porini. Tukaziweka ghalani zisubiri mvua za vuli. Kila tenga alilifunga mdomo kwa kamba na kulipiga lakiri. Funguo za ghala zilikuwa mbili, mmoja wangu na mmoja wa Ta Bitegeko.

Kabla hajaondoka alitukusanya, mkuu wa gombolola, yaani wa tarafa yetu, akiwepo na watu wengi wamesimama. Akaamuru upara wote usafishwe: magogo yaliyooza yatolewe, vichaka vikatwe, panya watafutwe na wauawe. Mimi niliitikia kwa kichwa. Kwetu kibanja kichafu ni aibu, mama yangu asingemkaribisha mgeni akiwa na jani kavu lililolala ovyo migombani. Niliona msitu nao unapaswa kuwa hivyo hivyo, umefagiwa.

Ta Bitegeko alitoa kiko mdomoni. “Waitu,” akamwambia yule mkuu kwa heshima, ila kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, “mwambieni Bwana aache magogo, aache vichaka, na panya awaache. Kilima hiki kitajipanda chenyewe. Hata hayo matenga yake hatuyahitaji.”

Watu wakaguna. Karani alipomaliza kutafsiri, Bwana Miti aliiva shingo kwa hasira. Maneno yale, vijana wangu, yalikuja kumlipukia mwenyewe miezi mitatu baadaye.

Kiangazi kizima ghala lilikuwa mikononi mwangu. Kila asubuhi, kabla ya kusalimiana na mtu, nilifagia uwanja wake mpaka ukabaki na mistari ya ufagio tu. Ndivyo nilivyolelewa. Na kila Jumamosi nilitandika nyasi mbichi sakafuni, kama inavyotandikwa nyumba ya mtu mwenye heshima zake huku kwetu, nyasi zinazonukia na kulala upande mmoja. Hakuna aliyeniagiza. Niliona aibu tu watu waingie mahali ninapotunza mimi wakute vumbi. Mama alinifundisha kwamba kabla ya kutandika nyasi mpya unatoa za zamani na kutazama sakafu. Mimi, kwa uvivu wa ujana, nilikuwa nalaza mpya juu ya kuukuu. Nani angejua? Juu palipendeza.

Vuli ilipoanza kunukia Bwana Miti akarudi. Akakagua lakiri: zote nzima. Akakata kamba ya tenga la kwanza, akaingiza mkono, akautoa mtupu. La pili vile vile. Matenga matatu yalikuwa matupu na la nne limebaki nusu, nayo yote yamesimama wima kama yaliyojaa, kwa sababu tenga la matete haliporomoki kama gunia. Tulipoyageuza tukakuta vitako vimetobolewa.

“Meno,” akasema Ta Bitegeko mara moja, akipitisha kidole kwenye matete yaliyokatika. “Tazameni, haya ni meno.”

“Kisu,” akasema karani. “Katoboa chini ili lakiri isiguswe.”

Bwana Miti akanigeukia. Mimi niliyatazama matete yale. Zilikuwa alama za kutafunwa, leo naweza kuapa. Siku ile niliona macho ya watu wote yako juu yangu, na funguo zilikuwa mbili tu. Nikasema siwezi kujua.

Shauri likaenda kwenye baraza la gombolola. Wizi wenyewe haukuwa na maana sana, kokwa za mbura nani anazitaka? Walimshitaki Ta Bitegeko kwa kuharibu mbegu za serikali makusudi ili kilima kisipandwe. Na nani asiyekumbuka alivyosema mbele ya watu kwamba matenga yale hayahitajiki? Yeye alishikilia neno moja: panya. Kila alipolitamka watu walicheka. Panya gani wanaomaliza matenga matatu bila kuacha hata unyayo?

Hapo ndipo nilipoitwa. Niliapa kwa Kitabu.

“Uwanja wa ghala anaufagia nani?” mkuu akauliza.

“Mimi, waitu.”

“Umewahi kuona nyayo za panya?”

“Sijaona.”

“Mavi ya panya?”

“Sijaona.”

“Sakafuni kuna tundu?”

“Hakuna, waitu. Nyasi natandika mwenyewe.”

Ta Bitegeko akanyoosha mkono. “Muulizeni, anafagia kwanza ndipo anatazama, au anatazama kwanza ndipo anafagia?”

“Kufagia nako ni kosa siku hizi?” mkuu akajibu, na baraza zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Kicheko changu kile nakisikia mpaka sasa nikiwa peke yangu.

Alipewa miezi minane, akapelekwa gereza la mbali, upande wa ziwani. Hakunitazama alipokuwa akiondoka. Aliyenitazama ni mkewe, Ma Kokubanza, mwanamke mrefu aliyekuwa tayari anaumwa kifua, anasimama kila hatua kumi kuvuta pumzi. Alinifuata mpaka chini ya mgomba nilikojificha jua.

“Shikamoo, Ma,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Ulitazama chini ya nyasi?”

“Nyasi nimetandika mwenyewe, Ma.”

“Nimesikia. Nakuuliza kama ulitazama chini yake.”

Nilimwambia nimechelewa kazini, nikaondoka.

Mtaniuliza kwa nini sikurudi siku ile ile nikafunua. Ningejibu nini? Niliogopa. Mtu asipofunua anaweza kuendelea kusema hajui. Nikafunga ghala, Bwana Miti akachukua ufunguo mmoja, mimi nikapewa cheo cha Ta Bitegeko. Nilisimamia kitalu mwenyewe, nikawaonyesha wenzangu jinsi ya kukata magome ya mgomba na kuyakunja yawe vyungu vya miche, maana mifuko yenu hii ya nailoni haikuwepo. Nilipaza sauti kuliko ilivyohitajika. Kazi ya kusafisha upara ilianza, nasi tukatoa magogo mpaka mvua zikatukatiza tukiwa hatujafika nusu.

Mvua zikakaza. Msimu wa senene ukaingia, watoto wakashinda nje wakikamata, kila nyumba ikanukia kukaanga. Asubuhi moja nilipanda upande wa upara ambao haukuwa umesafishwa, nikitafuta fito. Chini ya gogo lililooza nikaona miche midogo minne, mipya, imebanana. Mbura. Nikachutama. Nikachimbua kwa kidole, pingili mbili, nikatoa kokwa iliyopasuka na mche ukitoka ndani yake. Gamba lake lilikuwa jekundu.

Sikuelewa mara moja, au niseme nilikataa kuelewa. Nikainuka nikaenda mbele. Kando ya kichuguu, mitatu. Ndani ya kichaka cha miiba, minne tena, na huko nikachanika mkono mpaka damu. Kila nilipochimbua nilikuta wekundu. Upara mzima upande ule ulikuwa unaota, jinsi Ta Bitegeko alivyosema utaota, kwa mbegu zile zile zilizomtia gerezani. Magogo na vichaka tulivyokuwa tunavitoa ndivyo vilivyokuwa vimetunza miche hiyo.

Nikakimbia mpaka ghalani. Nikafunga mlango kwa ndani, nikasukuma matenga matupu, nikaanza kufunua nyasi. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Zile za chini zilikuwa zimeoza na zimejaa mavi ya panya kama punje za mtama mweusi. Kwenye kona, pale ukuta unapokutana na sakafu, palikuwa na tundu ambalo ngumi yangu iliingia bila kugusa kingo. Kwenye mdomo wake kokwa mbili nyekundu zilikuwa zimeangushwa, kama mtu aliyepitiwa na haraka.

Nakumbuka nilichofikiri, nacho hakikuwa Ta Bitegeko. Nilifikiri kiapo. Nilifikiri nitakavyosimama mbele ya mkuu yule yule na kusema niliapa juu ya sakafu ambayo sijawahi kuiona. Nilijiona nafungwa mimi, mama yangu anaambiwa kanisani mwanao ndiye aliyeapa uongo. Mikono yangu ikaanza kufanya kazi peke yake. Ikazitia zile kokwa mbili mfukoni, ikarudisha nyasi kuukuu, ikalaza nyingine juu, ikasukuma matenga mahali pake. Nikatoka, nikafunga mlango, nikafagia uwanja.

Nilijiambia kesho. Kesho ilipofika nikajiambia baada ya Jumapili. Nyumbani waliniwekea senene nikashindwa kumeza, nikasema tumbo. Kazini nikitazama upara ule naogopa mtu mwingine asipande juu akaona, na wakati huo huo naomba aone.

Siku ya tatu wakaja kuniita: Ma Kokubanza amelala, hainuki tena. Nilikwenda mchana. Alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango apate hewa, macho yameingia ndani. Jirani yake, mama mmoja mnene aliyekuwa akimnywesha uji, akanipisha. Ma Kokubanza akanishika mkono, ule uliochanika na miiba, akaugeuza akautazama.

“Umepanda juu,” akasema.

“Nilitafuta fito, Ma.”

“Kumeota?”

Jirani alikuwa amesimama pale pale. Ningesema ndiyo, neno lingefika barazani kabla yangu. Nikasema, “Bado, Ma. Mvua ndiyo kwanza.”

“Mume wangu alisema kutaota.” Akavuta pumzi kwa shida. “Nataka wamruhusu aje anione. Wewe unajua kuandika. Niandikie barua kwa Mzungu.”

Nikasema nitaandika. Wallahi nilikuwa na karatasi nyumbani na kalamu, na sikuandika, kwa sababu kila nilipoanza sentensi ya kwanza niliona haina mahali pa kwenda isipokuwa chini ya zile nyasi. Siku ya sita akafa.

Tulimzika kibanjani kwake, kama ilivyo desturi yetu, mahali alipopachagua mwenyewe katikati ya migomba. Nilikuwa mmoja wa waliochimba. Nilichimba kwa nguvu mpaka wakaniambia pumzika, kijana, unajiumiza. Baada ya maziko wazee wakakaa kuamua nani apeleke habari kwa mfungwa. Hawakuchukua muda. Wakasema aende Laurenti, ndiye aliyekuwa kama mwanawe kazini.

Niliondoka kesho yake alfajiri na fimbo na furushi la ndizi za kuchoma. Mwendo wa siku nzima na zaidi. Nilipofika njia panda, moja inakwenda ziwani na nyingine kwenye kituo cha Bwana Miti, miguu ikakataa ya ziwani. Ningemwambia nini mtu yule? Mkeo amekufa, na mimi nimefunika mlango wako wa kutokea? Nikashika njia ya kituoni.

Nilimkuta Bwana Miti anakula. Nilisema habari za tundu na miche kwa pumzi moja, siku nilipoviona sikuitaja, nikaziweka zile kokwa mbili nyekundu mezani pake, kando ya sahani. Akaniuliza swali moja tu, kama nina uhakika. Nikamwambia aje achimbe mwenyewe.

Alikuja, akaja na mkuu wa gombolola na karani yule wa kisu. Nilifunua nyasi mbele yao. Karani aliinama, akaingiza mkono wake tunduni mpaka kiwiko, akautoa umejaa maganda mekundu, akaufuta kwenye kanzu bila kutazama mtu. Tukapanda juu. Nikawaonyesha fungu moja baada ya jingine mpaka Bwana Miti akaniambia inatosha. Alikaa juu ya gogo alilotaka tulitoe, akavua kofia. Barua ya kumfungua Ta Bitegeko ikaandikwa siku ile ile, na habari za msiba ndani yake.

Mimi sikufungwa. Mkuu alinikaripia barazani kwa uzembe, nikavuliwa cheo, nikabeba maji ya kitalu msimu mzima pamoja na wasichana walioniimba kila nikimwaga. Niliwashukuru kwa nyimbo zile. Amri ya kuua panya ikafutwa, na magogo yaliyobaki yakaachwa yaoze kwa raha zake. Mibura mnayoiona leo juu ya kile kilima, ambayo matunda yake mmekula nyote tangu mkiwa watoto, ndiyo ile miche. Kwa hiyo sumu yenu, kabla hamjaimwaga, fikirini mnamtilia nani.

Lakini hilo la sumu ningeweza kuwaambia kwa maneno kumi. Nimeandika yote haya kwa sababu ya jambo jingine.

Ta Bitegeko alirudi wiki moja baada ya barua ile. Alikonda, nywele zimegeuka majivu. Alipitia kwanza migombani, akakaa na mkewe peke yake mpaka jua likawa la saa kumi. Halafu akatuita, majirani na watu wa kitalu. Alikuwa ameletewa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kibuyu kizima. Akasimama mbele ya watu wote, akasema kijana huyu Laurenti alikosea kama anavyokosea kijana yeyote, ila alipoona ukweli hakuuficha, akaenda kwa miguu yake mwenyewe kumtoa kifungoni. Watu wakanipigia makofi. Wanawake wakapiga vigelegele kidogo, wakakumbuka msiba, wakanyamaza.

Walipoanza kutawanyika akanivuta kando, tukakaa kwenye kigogo. Akanimiminia mwenyewe, mzee akimmiminia kijana, jambo ambalo halifanywi.

“Nataka kujua kitu kimoja,” akasema. “Sina hasira. Nataka tu nilale. Ile miche, uliiona lini? Kabla hatujamzika mama yako huyu, au baada?”

Alisema *hatujamzika*, kana kwamba naye alikuwepo.

Nikamtazama machoni. Nikasema, “Baada, Ta. Nilipokuwa nakuja kukuletea habari, nilipitia kilimani.”

Alifumba macho akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. “Nilijua,” akasema. “Nilimwambia pale kaburini kwamba lazima iwe baada. Asante, mwanangu.”

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, akanifundisha yote ninayowafundisha nyinyi, akambeba kifungua mimba wangu kanisani siku ya ubatizo. Alikufa hajaniuliza tena, nami sikumwambia. Nyinyi ni wa kwanza kusikia.

Siku ile, aliposema asante, alikiinua kibuyu akanijazia tena. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa.